Mtu Asiye Ndugu wa Emerance

Ukifika Mount Druitt ukauliza nyumba ya Mama Lazare, mtoto yeyote wa Kirundi atakuonyesha kwa kidole, kisha atakuambia huyo ni bibi yake. Hatakuwa amekudanganya. Na hapo ndipo penye kisa chenyewe.

Jina lake la kanisani na la serikalini ni Emerance Habonimana. Alizaliwa tarehe moja Januari, kama nusu ya Warundi wote wa Sydney, kwa kuwa karani wa kambini hakuwa na muda wa kusikiliza habari za mwaka ule wa mvua ya mawe. Mwaka waliompa ni 1951. Aliupokea kama mtu apokeavyo koti la msaada: halikumkaa sawa, lakini lilifunika.

Kazi yake, tangu kambini Tanzania mpaka leo, ni kuoza watu. Si kwa malipo. Mwenye kijana aliyekomaa humletea Emerance sukari kilo mbili na maneno machache. Emerance hukaa kimya wiki nzima, kisha hutaja jina moja tu. Ameshaunga ndoa ishirini na tatu kwa namna hiyo. Iliyovunjika ni moja, na hao wote wawili walirudi kwake, kila mmoja na sukari yake, kuomba jina jingine.

Basi mwanamke huyu ana mdogo wake mmoja aliyebaki duniani, Irambona, huko Makamba, Burundi, kwenye kilima kile kile walikozaliwa. Hawajaonana tangu mwaka 1996. Kila Jumapili baada ya ibada hupigiana simu. Huulizana hali ya magoti, huulizana mvua, halafu hurudi kwenye neno lao lile lile: nani mrefu.

"Mimi ndiye mkubwa, na mkubwa ndiye mrefu," Emerance husema.

"Ulinitangulia kuzaliwa, dada. Hukunitangulia kukua."

"Ulikuwa unanifikia hapa begani!"

"Nilikuwa nimeinama, nakuokotea kuni zako ulizoangusha."

Mashahidi wote wamekwisha kufa. Waliobaki ni wao wawili, kila mmoja shahidi wa upande wake, na simu haipimi urefu.

Mambo yangeenda hivyo mpaka kaburini, kama si ile siku Emerance alipokwenda kliniki kwa ajili ya presha. Nesi akamsimamisha ukutani, akatazama kipimo, akatazama karatasi ya zamani, akasema kwa tabasamu kwamba bibi amepungua sentimita tatu tangu miaka sita iliyopita. Uzee, akasema, mifupa hukaa chini. Kitu cha kawaida kabisa.

Emerance alirudi nyumbani. Alikaa jikoni na koti lake mwilini. Kama yeye anapungua hapa, kwenye kiti, na chai mkononi, Irambona je, anayepanda kilima na kikapu cha mihogo kichwani? Labda naye anapungua. Lakini kama hapungui? Kila mwaka unaopita ushahidi unayeyuka kama sabuni kwenye maji, na huyo mwenzake atakuja kusimama juu ya kaburi aseme, mnaona, hata jeneza lake ni fupi.

Lazare, mwanawe, aliporudi kutoka zamu ya ghala, alimkuta bado na koti.

"Lazare, nataka pasipoti."

Lazare akaketi. Kwa miaka minane alikuwa amembembeleza mama yake akakataa. Si kwamba hakutaka kwenda. Ni kwamba kwenye picha ya pasipoti lazima kilemba kivuliwe, na Emerance alikuwa amekwisha kutoka mara tatu kwenye duka la picha akiwa amekishika kilemba chake kwa mikono miwili kama mtu anayepita kwenye upepo.

"Na kilemba, mama?"

"Nitakivua. Usiniulize tena."

Akampa kazi hiyo Nella, mjukuu wake wa miaka kumi na tisa, binti wa Lazare, anayesoma chuo Parramatta. Nella Kiswahili anakisikia chote ila hujibu kwa Kiingereza, isipokuwa akikasirika au akitaka hela.

Walikwenda duka la picha. Binti wa pale alimwambia asicheke. Emerance akamtazama kwa mshangao. Nani alikuwa acheke? Akavua kilemba. Nywele zilikuwa nyeupe na zimelala upande mmoja kama majani aliyolalia ng'ombe. Picha ilipotoka, aliishika mbali, akaishika karibu.

"Huyu ni marehemu baba yangu," akasema. "Mpaka masharubu."

"Toa nne," Nella akamwambia binti wa duka, maana aliwajua watu wake.

Nyumbani, fomu ikatandazwa juu ya meza. Nella akasoma, akaandika. Jina, tarehe, mahali. Akafika mahali akasema, "Urefu, Bibi. Wanataka urefu wako, kwa sentimita."

Emerance akaweka kikombe chini taratibu.

"Serikali inataka urefu wangu?"

"Yeah."

"Itauandika kwenye kitabu? Na muhuri?"

"I guess?"

Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Pasipoti ikageuka kuwa vitu viwili: miguu ya kumfikisha Makamba, na karatasi ya serikali ya kumfunga Irambona mdomo. Akasema urefu uachwe wazi kwanza, atautafakari. Kitu kama hicho hakijazwi kwa haraka.

Halafu wakafika kwa mdhamini.

Nella alisoma mara mbili. Mdhamini awe mtu mzima, raia. Awe amekujua mwaka mzima au zaidi. Aandike nyuma ya picha kwamba kweli ni wewe. Na asiwe ndugu yako, si wa kuzaliwa, si wa kuoana.

"Rahisi," Nella akasema, akachomoa kwenye friji karatasi ya zamu za chai ya kanisani, yenye majina ya watu wote. "Mchungaji."

"Mkewe ni mpwa wa mama yako. Mimi ndiye niliyempeleka."

"Okay. Kipchumba, anayepiga kinanda. Huyo Mkenya, Bibi. Huyo hawezi kuwa ndugu."

"Kipchumba amemwoa nani?"

Nella akatazama dari. "Armelle."

"Na Armelle kambini alikula sahani moja na baba yako. Nani alipokea mahari yake?"

"Wewe."

"Endelea."

Akaendelea. Kila jina lilikuwa na uzi, na kila uzi ukiuvuta unatokea kwenye sketi ya Emerance. Huyu baba mkwe wa fulani, yule shemeji wa fulani, wale watatu wote walioa nyumba moja, na nyumba yenyewe ni ya binamu yake. Daktari Nicole wa kliniki amemjua miezi minane tu. Jirani, Bwana Gitau, alihamia baada ya Pasaka.

"Na hata huyo," Emerance akasema, "jina lake nimeshalipeleka mahali."

Nella akaangusha kalamu. Sasa alikuwa amekasirika, kwa hiyo Kiswahili kilitoka. "Bibi, serikali haihesabu ndugu hivyo! Mume wa mtoto uliyemlea kambini si ndugu! Kipchumba anasaini tu, na hakuna atakayeuliza."

"Na mimi sitajiuliza?" Emerance akainua kidole. "Mbuzi wa mahari ya Armelle nilimla. Nyama yake ilinikaa kwenye meno siku mbili. Leo niandike mbele ya serikali kwamba mumewe si wangu? Petro alimkana Bwana mara tatu, lakini yeye aliogopa kufa. Mimi nimkane mkwe wangu kwa sababu ya kitabu?"

"Basi huendi."

"Basi siendi!"

Wakakaa hivyo, kila mmoja amevimbisha mashavu yake. Friji ikanguruma. Nella akaokota karatasi ili airudishe mahali pake, na hapo akaona jina la mwisho kabisa, limeandikwa kwa kalamu pembeni, kwa kuwa mwenyewe alikataa kuwekwa zamu moja na Emerance.

"Bibi," akasema polepole. "Na Mama Fiacre?"

Emerance akajifanya anatafuta sukari.

Mama Fiacre, Faida kwa jina lake, alikuwa Mkongo wa Fizi, na kambini walisimama naye foleni moja ya maji miaka kumi na mitatu, ndoo kwa ndoo. Walipanda ndege moja kuja Australia. Walikuwa kama ulimi na meno, mpaka arusi ya Lazare ya pili, ya kanisani, miaka minne iliyopita. Siku hiyo Emerance alipika maharage ya watu mia mbili kwa mkono wake mwenyewe, na Faida alionja, akaweka kijiko chini, akasema mbele ya akina mama wote: "Haya yameungua chini."

Tangu siku hiyo hawajasemeshana. Kusemeshana kabisa hapana. Wakikaa benchi moja, huzungumza kupitia mtu wa tatu. Mwambie huyo asogee. Mwambie huyo nimesogea tangu zamani. Na katika miaka hiyo minne Emerance ameoza watoto wa kila nyumba, lakini Fiacre, mtoto wa pekee wa Faida, dereva wa basi, mtu mpole mwenye miaka thelathini na minane, bado anajipikia chai mwenyewe.

Kwa hiyo Faida alikuwa raia, mpiga kura, mtu mwenye akili zake, aliyemjua Emerance miaka ishirini na saba, na katika kanisa zima ndiye pekee asiyekuwa na hata uzi mmoja kwake.

"Afadhali nife mfupi," Emerance akasema.

Simu ikalia. Ilikuwa Jumapili, na huyo alikuwa Irambona.

"Dada," akasema Irambona, "jana wajukuu wamenipima kwa kamba. Kamba imeisha, mimi bado."

Emerance alizima simu, akafunga kilemba, akamwambia Nella achukue picha.

Faida aliwafungulia mlango, akamtazama Nella peke yake.

"Karibu, mwanangu. Mwambie na huyo uliyekuja naye apite, nzi wasiingie."

"Mwambie nimepita," Emerance akasema, akiwa amekwisha kukaa.

"Mwambie kuna chai."

"Mwambie sikuja kwa chai. Lakini nitakunywa, nisije nikaitwa mwenye kiburi."

"Mnasikiana," Nella akasema. "You're literally one metre apart." Hakuna aliyemjali.

Nella akaeleza habari ya mdhamini. Faida alisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye khanga, akavaa miwani, akaomba kuona picha. Aliitazama kwa muda mrefu sana. Akaigeuza, akaiangalia nyuma, akairudisha mbele.

"Mwambie huyo, picha hii siwezi kuishuhudia."

"Mwulize kwa nini!"

"Mtu wa kwenye picha amefunga mdomo. Emerance aliyefunga mdomo mimi simjui. Nimemjua miaka ishirini na saba, sijamwona. Nikiandika kwamba huyu ndiye, serikali si itanifunga?"

Emerance akataka kuinuka, goti likakataa, akabaki nusu juu nusu chini. Nella akaangalia pembeni asicheke. Faida mwenyewe alikuwa anang'ata ndani ya shavu, akamsogezea mwenzake kikombe, kwa namna ya kusogeza tu, bila kumpa.

Wakanywa. Mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia Fiacre na sare yake ya basi. Akawasalimu wazee shikamoo mmoja mmoja, akaosha kikombe, akachemsha maji yake, akamimina, akaenda nacho chumbani. Faida alimfuata kwa macho mpaka mlango ulipofungwa.

"Unaona?" akasema. Na sasa hakumtazama Nella. "Kambi nzima umeoza, Mama Lazare. Hata yule kiwete wa zoni ya tatu, mwenye mdomo mchafu, ulimpatia mke. Mwanangu amekukosea nini? Yeye alipika maharage?"

Hilo lilimgusa Emerance pabaya, maana lilikuwa kweli. Jina la kumpa Fiacre alikuwa nalo tangu miaka miwili iliyopita. Alikuwa nalo tayari, la binti mmoja nesi pale Westmead, na alikuwa amelikalia kwa makusudi kama kuku wa ubishi.

"Mke yupo," akasema. "Ni binamu ya Kipchumba. Jepchumba. Mrefu, anamcha Mungu, anapenda wali."

Faida akashika meza. "Lini?"

"Subiri. Usinikimbize. Nikimwoza leo, kesho wewe ni ndugu yangu. Ukiwa ndugu huwezi kusaini. Saini kwanza, Mama Fiacre. Halafu tuwe ndugu."

Faida akaufikiria mpango huo kutoka kila upande, kama mtu anayenunua kuku. Akamwomba Nella kalamu.

Maneno yenyewe yalipaswa kuandikwa kwa Kiingereza. Nella akayaandika kwenye karatasi ya pembeni, Faida akayanakili herufi kwa herufi, ulimi nje, kama anayechora ramani ya kisima. Picha ya kwanza saini yake ilikuwa kubwa mno, ikaanza kwenye picha ikaishia kwenye kitambaa cha meza. Picha ya pili ikakaa.

"Na kupeleka fomu posta nitakwenda nawe," Faida akasema. "Hiyo ni saini yangu. Sitaki iende peke yake."

Siku ya posta Emerance alivaa kilemba cha Krismasi. Kwenye kaunta alikuwepo kijana mweusi mwenye ndevu zilizochongwa vizuri.

"Kijana mzuri," Emerance akamnong'oneza Faida. "Meno yote. Sijui ameoa."

"Bado, mama," kijana akasema. "Naitwa Mugambi. Sasa, leteni hiyo fomu."

"Kwanza shikamoo," Emerance akasema, akiwa ameshtuka kidogo tu.

"Aii. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwenu ni wapi?"

"Meru. Mama, fomu."

Akapitia ukurasa kwa ukurasa. Picha, sawa. Mdhamini, sawa, si ndugu? Si ndugu, wakajibu wote wawili kwa sauti moja, kwa furaha iliyomfanya awatazame tena. Kisha kalamu yake ikasimama.

"Hapa kwa urefu hamjaandika."

Emerance alijinyoosha. Hiyo ndiyo saa aliyokuwa ameitafakari.

"Mia moja sitini na tano."

"Nani?" Faida akasema.

"Mimi."

"Mama Lazare! Mimi nimeshuhudia."

"Umeshuhudia picha!"

"Saini yangu imo humo ndani, na uongo wako utalala nayo ukurasa mmoja? Mwanangu Mugambi, huyu si mtu wa mia moja sitini na tano. Nimesimama nyuma yake kwenye foleni ya maji miaka kumi na mitatu. Nilikuwa naona bomba."

"Mama zangu," Mugambi akasema, "hapa hatupimi watu. Andikeni tu kadirio."

"Kadirio la nani?" wakauliza.

Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Nyuma yao kabisa palikuwa na mzungu mmoja mnene, amevaa fulana ya kazi ya rangi ya chungwa, ameshika sanduku la kutuma. Hakuelewa neno hata moja lakini alielewa yote. Akamuuliza Nella, kwa Kiingereza, kama bibi hao wanataka kujua nani mrefu. Nella, aliyekuwa anatamani sakafu ifunguke, akasema ndiyo.

Wakasimamishwa mgongo kwa mgongo mbele ya rafu ya kadi za pole na za kuzaliwa. Faida alijua urefu wake mwenyewe, maana alipopasuliwa goti walimpima: mia moja hamsini na tisa, aliandikiwa. Emerance akasimama kama askari.

"Kilemba," Faida akasema bila kugeuka.

"Ni kichwa changu."

"Ni kitambaa chako. Vua."

Mbele ya posta nzima Emerance Habonimana akavua kilemba kwa mara ya pili ndani ya mwezi mmoja. Yule mzungu akaweka sanduku lake taratibu juu ya vichwa viwili, akarudi hatua, akafumba jicho moja. Watu wa foleni wakainamisha shingo.

Sanduku halikuinama huku wala kule. Lilitulia kama lililowekwa juu ya meza.

"Sawa sawa kabisa," Mugambi akasema kutoka kaunta, akiwa amesahau kazi. "Mia moja hamsini na tisa. Mama, niandike?"

 Emerance alikuwa anaona kamba ya Irambona, imeisha, na Irambona bado. Sentimita sita zilikuwa zimeondoka mara moja, na aliyeziondoa alikuwa bado amemwegemea mgongo, mgongo wenye joto, uleule wa kwenye foleni ya maji, asubuhi za baridi, walipoegemeana hivyo ili wasianguke kwa usingizi.

"Andika," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Mama Fiacre, Irambona asisikie."

"Nani atamwambia?"

"Wewe unayo namba yake."

Faida akawaza, sanduku bado kichwani. "Naweza kusahau. Mimi ni mzee, nasahau mambo mengi. Kuna moja tu halijanitoka."

Emerance akatazama kadi za pole.

"Yalishika kidogo," akasema.

"Sikusikia."

"Yalishika chini."

"Neno lake ni lipi, Mama Lazare?"

"Yaliungua!" Emerance akapaza sauti, mpaka mtoto mmoja kwenye foleni akaanza kulia. "Yaliungua! Moto ulikuwa mkali na mimi nilikuwa nacheza na bwana harusi! Haya, umeridhika?"

"Nimeridhika," Faida akasema. "Lakini yalikuwa matamu juu."

Foleni, isiyojua lolote kuhusu maharage, ikapiga makofi. Mzungu akachukua sanduku lake.

Wiki sita baadaye bahasha ikaletwa mlangoni, ikatiwa saini. Faida alikuwepo, maana siku hizi hutoka kwa Emerance akilazimika tu. Jumamosi iliyotangulia Fiacre alikwenda kwao Jepchumba kunywa chai, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alipikiwa.

Kitabu kilikuwa cha buluu nzito, na kangaruu juu. Emerance akakinusa. Akampa Nella.

"Soma kila kitu."

Nella akasoma jina. Akasoma tarehe moja Januari. Akasoma Makamba. Akasoma tarehe ya kutolewa na tarehe ya kwisha. Akafunga.

"Na urefu?"

Nella akafungua tena. Akatafuta mbele, akatafuta nyuma, akainua ukurasa kwenye mwanga. "Bibi, urefu haumo."

"Soma tena."

"Haumo. Hawaandiki urefu humu. Waliuliza tu."

 Halafu Faida akaanza, kwanza mabega, kisha tumbo, mpaka akalazimika kuweka kikombe chini. Alicheka mpaka akalia, akisema sanduku, mama wee, lile sanduku. Emerance alimtazama kwa hasira ndefu kabisa, akiwa anahesabu: kilemba kimevuliwa mara mbili, maharage yamekiriwa hadharani, na serikali haikuandika kitu. Kisha akaona upande wa pili wa jambo. Hakikuandikwa kitu! Akachukua simu.

Irambona, aliyekwisha kutambiwa kwamba serikali itaandika urefu, alipokea akiwa anahema, kama aliyetoka kupanda.

"Pasipoti imefika," Emerance akamwambia.

"Eh! Na serikali ya huko imesema nini? Urefu wako?"

Faida akanyoosha shingo. Nella naye akaacha kutafuna. Emerance akakohoa kidogo, akajiweka sawa kwenye kiti.

"Serikali imesema mambo ya familia haiyaingilii. Imesema niende nikasimame mwenyewe. Nakuja mwezi wa saba, Irambona."

Upande wa pili jogoo akawika. Akawika tena.  Halafu sauti ya mdogo wake ikarudi, nyembamba, kama ya msichana aliyeangusha kuni.

"Kweli, dada?"

"Kweli."

"Basi njoo." Irambona akapenga kamasi kwa nguvu. "Lakini uje na viatu vya chini, unasikia? Vya chini kabisa. Na hicho kilemba unachopiga nacho picha, ukiache huko huko uwanja wa ndege."

"Nimesikia."

Emerance akaweka simu mezani, akaipangusa kwa kiganja, akamgeukia mjukuu wake.

"Nella, kesho huna chuo. Tunakwenda Parramatta. Natafuta kiatu cha chini," akaonyesha kwa vidole viwili, akavitanua, akavitanua tena kidogo, "chenye soli hivi."

Faida akavikamata vile vidole, akavirudisha karibu.

"Hivi, Mama Lazare. Nimeshuhudia mimi."